Daluga ya staa, kiwanja cha kijijini: Ukikosea, goti ndilo linalolipa

KARAGWE/KYERWA. SAA kumi na moja jioni, ukipita Kayanga, Omurushaka, Nyaishozi, Nkwenda au kule Murongo mpakani na Uganda, hukosi mechi. Migomba ipo pembeni, bodaboda zimeegeshwa nyuma ya goli na sauti ya winga anayedai pasi inasikika hadi barabarani.

Sasa achana na mpira kidogo. Angalia miguu.

Kuna aliyevaa raba zilizochanika ubavuni. Kuna anayepiga pekupeku na wala hana habari. Kuna straika mwenye daluga za rangi kali kama za Kylian Mbappe. Na kuna beki anayetembea kwa kelele, ka-ka-ka, kwa sababu chini ya viatu vyake yapo meno sita ya chuma, mzigo uliotoka kwenye belo la mitumba.

Uliza mashabiki nani kavaa vizuri. Wengi watamtaja beki wa chuma. Hizo ndizo njumu zenyewe, za Ulaya! Mwenye raba atachekwa. Lakini kama mechi hiyo inapigwa Julai, ardhi ikiwa imekauka kama tofali, aliyechekwa anaweza kuwa salama kuliko anayesifiwa.

Ishu yenyewe ni hiyo. Daluga haipimwi kwa bei wala kwa jina la staa anayeivaa. Inapimwa kwa kiwanja. Na kwa familia inayosubiri pesa ya kahawa ndipo mtoto anunuliwe jozi moja ya kumaliza msimu mzima, kukosea ni hasara mara mbili. Pesa imekwenda, na mguu nao unaweza kwenda.

Kiwanja kimoja, sura mbili

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, na ardhi yao bado ni ndugu. Ni nchi ya milima na mabonde, yenye udongo mwekundu. Viwanja vingi vya shule na vijiji vimechongwa kwenye miteremko, nyasi zinaota pembeni, huku katikati na mbele ya goli kumebaki upara.

Kiwanja cha aina hiyo hakina sura moja mwaka mzima. Mvua za vuli zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka, na masika ya Machi hadi Mei, udongo unageuka tope linalong'ang'ania kiatu hadi mguu unakuwa mzito kama umebeba jembe. Ikifika Juni hadi Agosti, pale pale panakuwa pagumu, pana vumbi na vijiwe.

Na kipindi hicho ndicho chenye mipira mingi. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, huwa katikati ya mwaka. Mabonanza na ndondo za vijijini nazo hushika kasi wakati mavuno ya kahawa yameleta hela mfukoni. Kwa maneno mengine, kijana wa huku anaonyesha kipaji chake wakati ardhi inapokuwa ngumu kuliko miezi mingine.

Daluga nyingi zinazotamaniwa zilibuniwa kwa ajili ya majani ya Ulaya yanayomwagiliwa na kukatwa kwa mashine. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Meno yalianzia kwenye mvua

Meno marefu ya kufungwa kwa skrubu hayakuletwa kwa ajili ya urembo. Yalikuwa dawa ya tope.

Julai 4, 1954, fainali ya Kombe la Dunia ilipigwa Bern, Uswisi. Hungary ya Ferenc Puskas ilikuwa haijafungwa tangu 1950 na kwenye makundi ilikuwa imeipiga Ujerumani Magharibi mabao 8-3. Siku ya fainali mvua ikanyesha. Adi Dassler, mwenye kampuni ya Adidas, alikuwa na timu ya Ujerumani na viatu vyenye meno ya kubadilishwa. Kiwanja kilipolowa, Wajerumani wakafunga meno marefu.

Hungary ilipata mabao mawili ndani ya dakika nane za mwanzo. Ujerumani ikasawazisha, na dakika ya 84 Helmut Rahn akapiga la ushindi. Matokeo yakawa 3-2. Sio meno pekee yaliyoshinda mechi ile, lakini tangu siku hiyo dunia iliamini kwamba kiatu kinaweza kuamua nani anasimama na nani anateleza.

Somo la Bern wengi wamelichukua nusu. Wamechukua kwamba meno marefu ni ya mabingwa. Nusu ya pili wameiacha: Dassler aliangalia mvua kwanza, ndipo akachagua meno. Kama siku ile lingewaka jua, angefunga mafupi.

Hesabu ya kilo 10

Kwa nini meno sita ya chuma ni hatari kwenye ardhi kavu? Hesabu yake ni ya darasa la nne.

Chukua beki mwenye kilo 60. Akisimama kwa mguu mmoja juu ya meno sita, kila jino linabeba kilo 10. Akivaa daluga ya meno 12, kila jino linabeba kilo tano. Akivaa kiatu chenye vimeno vya mpira 60, kila kimoja kinabeba kilo moja tu.

Sasa huyo beki akimbie. Kila anapotua, mguu unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Jino la kilo 10 linakuwa la kilo 20 au 30, na linamsukuma kutoka chini kwenda juu, katikati ya nyayo.

Kwenye kiwanja laini hilo sio tatizo. Meno yanazama, soli nzima inagusa ardhi na uzito unagawanyika. Kwenye ardhi ya Julai meno hayazami. Mchezaji anakuwa amesimama juu ya stuli, tena stuli inayoyumba. Ndiyo maana baada ya mechi wengine wanalalamika nyayo zinawaka moto, vidole vina malengelenge na kifundo cha mguu kimeteguka bila kuguswa na mtu.

Kwa watoto wanaokua ni zaidi. Mfupa wa kisigino bado haujakomaa, na kukimbia juu ya meno magumu kwenye ardhi ngumu huchochea maumivu ya kisigino yanayoweza kumweka mtoto nje kwa wiki kadhaa. Mzazi akiona mtoto anachechemea kila baada ya mazoezi, asikimbilie kusema anadeka. Aangalie viatu kwanza.

Goti halina spea

Upande wa pili ni kiatu kinachoshika kupita kiasi. Meno marefu yakinasa kwenye nyasi nene au kwenye udongo ulioanza kukaza baada ya mvua, mguu unabaki pale pale huku mwili unageuka. Kitu kinachopokea msokoto huo ni goti, hasa kano ya ndani inayofahamika kama ACL.

Jeraha hilo halihitaji rafu. Kwenye Kombe la Dunia 2006, Michael Owen wa England alianguka dakika ya kwanza ya mechi dhidi ya Sweden bila kuguswa na mtu. Goti liligeuka, ACL ikakatika, akakaa nje karibu mwaka mzima. Hakuna anayesema daluga ndizo zilizomponza Owen. Mfano wake unaonyesha tu jinsi goti linavyoweza kwenda lenyewe, hata kwa mchezaji mwenye kila huduma.

Owen alikuwa na madaktari, upasuaji wa haraka na mshahara. Kijana wa Kyerwa mwenye jeraha kama hilo anatakiwa kufikiria safari ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Baada ya upasuaji bado kuna mazoezi ya miezi sita hadi tisa, wakati mwingine zaidi. Wengi hawafiki huko. Wanafunga bandeji, wanapumzika, wanarudi uwanjani, goti linaachia tena, na mwisho wanatundika daluga kabla hata ya kufika ligi ya mkoa.

Mpanda mawimbi na daluga

Kuna mchezo mwingine ambao suala hili walishalimaliza zamani: kupanda mawimbi ya bahari kwa bodi.

Bodi za mabingwa ni nyembamba, zimechongoka na ni nyepesi. Zimetengenezwa kwa mawimbi makubwa yenye nguvu. Anayeanza akinunua bodi hiyo na kuipeleka kwenye ufukwe wa mawimbi madogo, inazama chini ya uzito wake, wimbi linampita, na siku inaisha hajasimama hata mara moja. Wajuzi wakikuta wimbi dogo na dhaifu huchukua bodi pana, nene, yenye tumbo bapa, inayoelea vizuri. Haina mvuto wa picha, lakini ndiyo inayopanda. Kwao swali la kwanza ni wimbi la leo likoje. Bodi inafuata baadaye.

Soka ina mtu aliyezijua dunia zote mbili. Craig Johnston, kiungo wa Liverpool kati ya 1981 na 1988, alikulia Australia akipenda kupanda mawimbi. Alifunga bao kwenye fainali ya Kombe la FA 1986 Liverpool ilipoichapa Everton 3-1. Alipostaafu mapema, alibandua mpira wa raketi ya tenisi ya mezani akaubandika juu ya viatu vyake ili mguu ushike mpira vizuri. Wazo hilo ndilo lililozaa Adidas Predator, iliyoingia sokoni 1994.

Johnston alianza na tatizo, ndipo akatafuta kiatu. Kijana wa Nkwenda naye anaweza kufanya hivyo bila maabara yoyote. Tatizo lake analijua: ardhi ngumu, vijiwe, mteremko, na tope kwa miezi kadhaa.

Herufi mbili zinazosema kila kitu

Daluga nyingi za kampuni kubwa zina herufi zinazoeleza zilitengenezwa kwa uwanja gani. Huandikwa kwenye boksi, au kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. Hata mtumba mara nyingi bado unayo. Wengi hawaziangalii.

FG ni za nyasi za asili zenye ardhi iliyokaza kiasi. Meno yake ni ya plastiki, yameungana na soli, mara nyingi yanakaribia 12.

SG ni za uwanja laini uliolowa. Ndizo zenye meno marefu ya chuma, sita au nane, ya kufungua na kufunga.

AG ni za nyasi bandia. Meno yake ni mafupi, mengi, na mara nyingi yana uwazi katikati.

TF zina vimeno vifupi vingi vya mpira soli nzima. Zilikusudiwa nyasi bandia za zamani, lakini zinafaa sana kwenye ardhi ngumu.

HG ni za ardhi ngumu kabisa. Huonekana zaidi kwenye viatu vya Japani, ambako viwanja vingi vya shule ni vya udongo. Kampuni za huko kama Mizuno na Asics hazikuwaambia wanafunzi wasubiri nyasi. Ziliwatengenezea kiatu cha udongo.

Mfano mzuri wa tofauti hizi ni familia moja ya Adidas. Copa Mundial, iliyotoka 1979, ina meno 12 ya kuungana. Ndugu yake World Cup ana meno sita ya kufunga. Ndugu wa tatu, Mundial Team, ana vimeno vya mpira. Ngozi na mwonekano unakaribiana, lakini chini kila mmoja ana uwanja wake.

Cha kuchunga zaidi ni umbo la jino. Yapo ya duara na yapo marefu bapa kama kisu. Ya duara yanaruhusu mguu kuzunguka kwa urahisi kidogo. Ya kisu yanashika kwa nguvu, mazuri kwa winga anayekimbia mbele kwenye nyasi nzuri, lakini yana lawama zaidi pale mguu unapotakiwa kugeuka.

Jozi moja tu, ipi?

Kwa mwenye hela ya jozi moja, chaguo la Karagwe na Kyerwa halina mzunguko mrefu.

Kama kiwanja chenu kina upara mwingi na vijiwe, TF ndiyo ya kwanza. Vijana wengi wanaona haya kuivaa kwa sababu inafanana na raba. Waivae tu.

Kama kiwanja kina nyasi za kutosha na mnacheza hadi wakati wa mvua, chukua FG yenye meno mafupi ya duara. Hiyo ndiyo ya kati kwa kati. Kwenye tope itateleza kidogo, kwenye ukavu itauma kidogo, lakini itakupitisha mwaka. TF kwenye tope zito hujaa udongo na kugeuka skuta. Mchezaji anapasuka msamba na kuvuta misuli ya nyonga.

SG za chuma ziachwe kwa siku za mvua kubwa kwenye kiwanja chenye nyasi. Hapo zinafaa kweli, kwa sababu meno machache yaliyoachana hayashiki tope jingi. Wiki ikikauka, ziwekwe kabatini.

Na wapo wanaoota Kaitaba. Uwanja huo wa Bukoba una nyasi bandia, na mchezaji wa Karagwe anayefika huko kwa mashindano au majaribio anakutana na zulia ambalo miguu yake haijalizoea. Meno ya chuma huko hayafai kabisa, na ya kisu yananasa. AG ni bora, TF inatosha. Mwenye TF yake ya mazoezini anaweza kutoka kiwanja cha upara kijijini hadi Kaitaba na kiatu kile kile. Hiyo ni faida ambayo aliyenunua chuma hana.

Kipimo cha kisigino

Huna lebo, herufi zimefutika, muuzaji anasema zote ni nzuri? Nenda kiwanjani na kiatu mguuni. Simama, kandamiza kisigino kwa uzito wa kawaida. Meno yakizama hadi soli ikagusa ardhi, kiatu na kiwanja vimeelewana. Ukijiona umeinuka kama umevaa viatu vya harusi, rudisha.

Kwenye mtumba kuna mambo mengine ya kukagua kabla ya kutoa hela. Kunja kiatu. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati ya nyayo, soli imekufa. Tazama mashina ya meno kama yana nyufa. Pitisha kidole kwenye meno ya chuma, kwani yaliyolika huwa na makali kama wembe. Sheria ya 4 ya soka inakataza mchezaji kuvaa kitu cha hatari, na mwamuzi akigusa makali hayo ana haki ya kukutoa ukabadilishe.

Kisha saizi. Tabia ya kununua kubwa ili mtoto aikulie, halafu kujaza gazeti mbele, ndiyo inayozaa malengelenge na vifundo vilivyoteguka. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, meno mazuri hayasaidii chochote. Pima jioni miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, vaa soksi za mechi, pima miguu yote miwili. Ngozi halisi itatanuka kiasi, plastiki haitanuki.

Kuifikisha msimu ujao

Adui mkubwa wa daluga ni jiko. Mechi imeisha, viatu vimelowa, mama anapika, kijana anaviweka pembeni ya moto vikauke upesi. Gundi inaachia, ngozi inapasuka, na wiki ijayo soli inapiga makofi.

Gonga tope likiwa bado bichi, futa kwa kitambaa chenye maji, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo. Kabla soli haijaanza kuachia, mpelekee fundi viatu aizungushie uzi. Mafundi wa Kayanga na Omurushaka wanashona soli za kila namna, na daluga sio kitu cha ajabu kwao.

Timu nazo zina la kufanya. Klabu ya kijiji inayochanga fedha za jezi mpya kila msimu inaweza kununua jozi nne au tano za chuma kwa saizi tofauti, zikakaa kwa meneja wa vifaa na kutoka siku za mvua tu. Mchezaji atabaki kununua jozi yake moja ya kila siku, bila kulazimika kuchagua kati ya tope la Aprili na jiwe la Julai.

Wanigeria waliozuru Uingereza mwaka 1949 walicheza mechi zao wengi wakiwa pekupeku na bado walishangaza wenyeji. Kipaji kinaweza kutembea bila kiatu. Kinachokikwamisha ni kiatu kibaya kwenye ardhi isiyo yake. Kahawa ya msimu ujao bado iko mbali, na jozi iliyochaguliwa kwa kufuata kiwanja inaweza kuifikia ikiwa mzima, pamoja na goti lililo ndani yake.